Duara Ndiyo, Msalaba Hapana

Jambo lote lilinigharimu mbuzi tisa, magunia mawili ya samaki wakavu wa Kataboi, televisheni moja nene ya kisogo, na mtu mmoja. Nimehesabu, nikarudia kuhesabu, na kila mara ni huyo mtu anayeniharibia jumla, maana mbuzi nawajua bei, yeye simjui. Mkewe alinipigia simu kutoka Kanada kabla mvua haijaanza, akaniambia Lual amefariki. Figo, alisema. Alikuwa ameugua tangu mwaka jana na hakutaka watu wa Kakuma wajue. Nilikuwa nimesimama dukani kwangu hapa Lodwar nikimuuzia mtu waya wa sola, nikaendelea kupima ule waya huku simu iko sikioni. Mita nne. Nikapima tena, nne. Mteja akaniuliza kama ni msiba. Nikamwambia ndiyo, na bei ni ile ile.

Kwenye benchi la nje hukaa vijana wanaochaji simu, na wakichaji hubishana, kwa sababu chaji ni polepole na maneno ni ya bure. Siku hiyo ubishi ulikuwa wa gemu. Mmoja alishikilia kwamba Mjapani ameisha, siku hizi kila gemu la maana linatoka kwa Mzungu, na Mjapani amebaki na katuni zake. "Mjapani hajaisha, buda," mwenzake akamwambia, "amebadilisha laini tu." "Basi hiyo laini yake haishiki Lodwar!" Wakacheka, halafu mmoja akanigeukia: "Mama Sola, wewe unaonaje?" Aliuliza kama mtu anavyomuuliza mbuzi maoni yake juu ya karo. Hakujua kwamba mama huyu wa nyaya na betri aliwahi kuendesha ukumbi wa gemu Kakuma, na kwamba ukumbi ulimfia kwa sababu alisimama upande wa Mjapani wakati mji mzima umehamia kwa Mzungu. Nikamwambia simu yake imejaa, atoe, aweke mwingine. Kisha nikaingia ndani nikaketi juu ya boksi la betri, na mwaka ule wote ukaja ukaketi mbele yangu.

Ulikuwa mwaka ambao simu za kioo zilikuwa bado za mabosi wa ofisi za misaada, sisi wengine tukibonyeza za vitufe. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilishuka Kakuma kwenye basi la kutoka Lodwar na mashine ya gemu iliyokwishatumika, niliyoipata kwa mbuzi watano na samaki, televisheni yangu ya kisogo niliyoipakata njia nzima kama mtoto mgonjwa, na imani kwamba watu waliokaa bila kazi mchana kutwa watalipa chochote ili mchana upite. Katika hilo sikukosea. Nilipanga chumba cha matope na mabati upande wa mji, si mbali na laga, ule mto wa mchanga unaogawa mji na kambi ya wakimbizi. Mlangoni nilitundika pazia la magunia ya mahindi ya msaada, yale yaliyoandikwa kwamba hayauzwi, ambayo nililazimika kuyanunua. Ndani kulikuwa na mabenchi matatu na joto la tanuri. Umeme ulikuja kwa waya kutoka kwa jenereta la Mzee Abdi, mfanyabiashara wa Kisomali aliyewauzia umeme wapangaji wote wa mstari wetu, na ambaye nilibishana naye juu ya bei mpaka akaniuliza kama nimewahi kutolewa mahari, kwa sababu angependa kumpa pole huyo mwanamume.

Nilikuwa na gemu la ngumi, la magari, na la mpira, yote ya Mjapani. Wakati huo hakuna aliyeuliza gemu limetoka wapi, kama usivyouliza kiberiti kimetoka wapi. Diski zilikuwa za kunakiliwa, na maandishi yake yote yalikuwa ya Kijapani, herufi kama kuni zilizomwagika mgongoni mwa punda. Hakuna aliyeweza kusoma hata moja. Tulijifunza kwa kuhesabu. Chini mara tatu, kulia mara moja, duara: hapo mechi inaanza. Chini mara tano, duara, duara: hapo unabadilisha dakika. Watu waliikariri kama sala, na mgeni akiingia alifundishwa kabla hajapata pa kuketi. Somo la kwanza lilikuwa la vitufe viwili. Kwa Mjapani duara ni ndiyo, msalaba ni hapana. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyekuja Jumamosi alisifu mpango huo, akasema Mjapani anajua kusahihisha madaftari, maana msalaba ni kosa dunia nzima. Katekista aliyekuwa akisubiri zamu akamkatiza: "Mwalimu, chunga mdomo. Msalaba ni kosa?" "Nasema kwenye daftari, katekista." "Hata kwenye daftari kuna Mungu." Wakavutana hivyo mpaka dakika za mwalimu zikaisha hajagusa padi ya kuchezea, na nikamtoza zote.

Lual alikuja ukumbi ukiwa na miezi miwili. Alikuwa kijana wa Sudan Kusini, wa rika langu, mrefu kiasi kwamba akiingia alilazimika kuinama, na watu wakadhani ni adabu. Aliniamkia "Ejok, Dada," kwa Kiturkana cha mtu aliyejifunza sokoni, nikamjibu "Ejok-noi," na akaketi benchi la mwisho bila kucheza. Alikaa hivyo siku kadhaa akitazama. Nilimwambia kutazama pia kunalipiwa. Akasema, "Dada, mimi natazama na jicho moja, nitalipa nusu." Nikamheshimu kuanzia siku hiyo.

Sasa niseme jambo la majina, kwa kuwa ndilo kiini cha ubishi wa wale vijana hata kama hawajui. Mjapani alijua mpira kuliko mtu yeyote. Mpira wake ulikuwa na uzito, ulidunda kama unavyodunda kwenye vumbi la kweli, na mchezaji aliyechoka alionekana amechoka mabegani. Lakini hakuwa na ruhusa ya majina. Klabu kubwa za Uingereza kwake zilikuwa na majina ya kubuni, jezi za kubahatisha, na wachezaji wasiofanana na yeyote. Wateja walilalamika. "Dada Nakiru, huyu ni nani? Mbona timu yangu imejaa watu wa kuokota?" Lual ndiye aliyegundua, kwa kushuka mistari ya menyu ambayo hakuna aliyewahi kuishukia, kwamba Mjapani alikuwa ameacha mlango wazi: ungeweza kuingia ukabadilisha kila kitu. Jina, jezi, urefu, paji la uso, pua, hata jinsi mtu anavyokimbia. Ilikuwa kama fundi anayekuuzia kigoda bila kukitia nakshi kwa sababu anajua utakaa nacho wewe.

Wengine wangeandika majina ya nyota wa Ulaya. Lual aliandika ya Kakuma. Akaanzisha timu ya Laga na kuijaza watu wa kwetu: mchoma nyama, mwendesha pikipiki mwenye guu moja fupi, katekista akiwa kipa kwa sababu alizoea kuinua mikono. Akatengeneza timu ya Mzee Abdi, ambayo haikuwahi kufungwa, kwani ilipokaribia kufungwa jenereta lilipata tatizo. Mzee mwenyewe alikuja siku moja kujiangalia, akasema tumbo limezidishwa, akadai lipunguzwe, na Lual akampunguzia baada ya mimi kuafikiana naye punguzo la umeme wa mwezi mzima. Watu walikuja kutoka kambini kuomba wawekwe. Nilitoza kuingia ligi. Mkongo mmoja aliyeitwa Espoir, mnyoa nywele wa upande wa pili wa barabara, alilipa ili awe mshambuliaji, kisha akarudi kulalamika: "Dada, miye njo huyu? Anakimbia sawa kuku! Mubaya hivi?" Lual akamwambia, "Nilikuona ukikimbia mvua."

Namba sita wa timu ya Laga alikuwa Makuei, kaka yake Lual. Makuei alikuwa amerudi kwao mwaka uliotangulia, wakati nchi yao ilipopata uhuru na wengi walirudi na bendera mikononi, akasema anaenda kumtafuta mama yao na kuona kama shamba lipo, kisha atamwita Lual. Alipiga simu mara moja kutoka njiani. Baada ya hapo namba yake ikawa ya kusema tu kwamba haipatikani. Katika zile hama hama zao, kutoka kituo hadi kituo, hawakuwahi kubaki na picha hata moja ya pamoja. Kwa hiyo Lual alimtengeneza mle. Alichukua karibu juma zima kwa uso peke yake, akipeleka pua mbele nukta moja, akiirudisha, akisogea nyuma benchi la mwisho kuangalia kwa mbali, akirudi. Mimi nilimtoza siku mbili za kwanza, kisha nikaacha. Nilijiambia ni punguzo la mteja wa kudumu.

Kila baada ya siku chache alimwongezea urefu kidogo. Mimi huona vitu kama hivyo. "Lual, huyu kaka yako anakua," nikamwambia. Hakugeuka. "Huko anakula vizuri, Dada."

Espoir alikwenda Kitale kununua mashine za kunyolea, akarudi na mashine nyingine kabisa. Ilikuwa mpya, nyembamba, na televisheni yake haikuwa na kisogo. Na gemu lake la mpira lilikuwa la Mzungu. Alivunja ukuta wa duka lake la kinyozi, akaweka mabenchi, na jioni ya kwanza nilivuka barabara nikasimama mlangoni kama mtu anayetafuta chenji. Sitadanganya. Klabu zote zilikuwa na majina yao, jezi zao, nembo zao. Nyota walikuwa na sura zao, hadi michoro ya mikononi. Uwanja uliimba. Mtangazaji alitaja kila mchezaji kwa Kiingereza, na kila alipotaja, ukumbi ulitoa sauti kama watu waliotajwa wenyewe. Menyu ilisomeka. Hakukuwa na haja ya kukariri chochote. Na msalaba ulikuwa ndiyo, duara hapana. Katekista alihama siku hiyo hiyo, akisema hatimaye kuna mtu aliyeweka mambo sawa.

Wakahama kama mbuzi wanaosikia kisima kingine kimechimbwa, mmoja, halafu wote. Nilishusha bei, nikaishusha tena. Nilimwambia mchoma nyama, "Kwangu wewe ni beki wa kati, kwa Espoir wewe ni nani?" Akaona haya kidogo. "Dada, kwako mimi ni mimi. Nimechoka kuwa mimi. Kwa Espoir, kwa nusu saa, mimi ni mtu wa Ulaya." Nikarudi kwangu na hilo jibu lake. Nimelifikiria miaka hii yote, na nadhani ndipo Mjapani aliposhindwa. Mzungu alikwenda akayanunua majina ya dunia yote, akatuuzia yakiwa yamepikwa tayari. Mjapani alitupatia sufuria na moto. Na watu waliochoka hawataki sufuria. Siwalaumu. Ukikaa foleni tangu alfajiri ili upimiwe mtama, hutaki jioni mtu akwambie uanze kusaga.

Tukabaki mimi na Lual. Sijawahi, kabla wala baada, kukaa kwenye chumba chenye upweke wa namna ile, ambao ulikuwa na sauti. Kila goli la ng'ambo ya barabara liliingia kupitia pazia la magunia, kelele kwanza, halafu vumbi la watu wanaoruka. Mabenchi yangu yalikuwa na alama za makalio ya watu wote wale. Mchana nilipika ugali wa mtama na samaki wa Kataboi, ambaye hunuka kabla hajaiva na hunuka zaidi akiiva, nikamimina nusu kwenye sahani ya Lual, naye alileta maziwa au sukari kutoka kwa mgao wake. Tulikula tukitazama mechi ambazo mashine ilicheza peke yake, timu ya Laga dhidi ya timu ya Mzee Abdi, na tulinyamaza mpaka Makuei agusapo mpira, ndipo Lual alipotoa sauti ndogo puani. Mkewe Mzee Abdi, aliyepita kukusanya pesa za umeme, alisimama mlangoni akatutazama. "Nyinyi wawili mnalinda kaburi la nani?" aliuliza. Alikuwa anatania. Lual aliweka sahani chini na hakumaliza.

Kila mtu alinishauri nibadilishe. Lodwar mtu alikuwa tayari kuniuzia mashine kama ya Espoir, kwa sharti nimpe ile yangu na kila kilicho ndani yake, niongeze mbuzi. Nilipiga hesabu na ilikuwa sawa. Ila ligi yote ilikaa kwenye memori kadi, kile kijiplastiki kidogo cha mashine ya zamani, na mashine mpya haikuwa na pa kukichomeka. Nilimweleza Lual kama mfanyabiashara anavyomweleza mfanyabiashara. Alisikiliza hadi mwisho. "Sawa, Dada. Mashine ni yako." Kisha akauliza, "Makuei atakaa wapi?" Nikauza mbuzi wengine wanne mwaka huo, mmoja mmoja, kumlipa Mzee Abdi umeme wa ukumbi usio na watu. Ukiniuliza kwa nini, nitakwambia nilikuwa nikingoja soko lirudi.

Mwezi wa kumi Lual akaanza kutoonekana. Nilidhani malaria. Halafu nikasikia sauti ile ndogo ya puani, safari hii kutoka ng'ambo ya barabara, katikati ya kelele. Sikuvuka. Mtu ana haki ya kuchoka na sahani ya samaki na mwanamke anayehesabu. Alirudi baada ya wiki tatu hivi, akainama mlangoni, safari hii nadhani ilikuwa adabu kweli. "Ejok, Dada." "Ejok-noi. Kwa Espoir kumeungua?" "Kule sina mtu wangu," alisema. Akataka kumbadilishia Makuei viatu. Alishuka ile mistari yake, kidole gumba kikienda haraka, na akapita mstari mmoja zaidi ya uliotakiwa. Mashine ikauliza swali lake kwa zile herufi za kuni. Lual alijua ameingia pabaya, akataka kukataa. Na kidole chake, ambacho kwa wiki tatu kilikuwa kimefundishwa na Mzungu kwamba duara ni hapana, kikabonyeza duara.

Uso ukafutika, ukaja ule wa kiwandani, mweupe, usio wa mtu. Mashine ikauliza tena, sasa ihifadhi? Akashtuka, akakataa kwa nguvu zaidi. Duara.

Hakulia. Aliweka padi chini polepole kama kitu cha moto na akabaki ameitazama mikono yake. Nikamwambia, "Mtengeneze tena. Ulimtengeneza mwanzo." Akachukua padi. Akasogeza pua. Akairudisha. Akasogea nyuma, akarudi, na nikamwona anatazama kioo kama mtu aliyesimama mbele ya mlango amesahau alikuja kuchukua nini. "Dada," alisema, "naona ile sura ya gemu tu. Ile ya gemu naikumbuka kidogo. Ya kweli, sioni."

Nilivuka barabara. Kwa Espoir kulikuwa kumejaa, mechi ya fainali ya kitu fulani, na nilisimama mbele ya televisheni yake isiyo na kisogo, jambo ambalo kwenye ukumbi wa gemu mtu anaweza kupigiwa. "Nani anamkumbuka Makuei?" "Toka hapo, Dada!" "Makuei gani?" "Namba sita wa Laga." Mchoma nyama akasema, "Yule wa mashuti ya mbali? Amefanyaje?" "Amefutika. Lual amemfuta kwa bahati mbaya, na hawezi kumrudisha." Espoir alinitazama. Alikuwa na watu ishirini wanaolipa. Akainama, akazima mashine kwenye swichi, katikati ya mechi, na wakamtukana kwa lugha zote za kambi. "Twende," alisema. "Ile mechi mutaianza tena. Ule mutu hapana."

Chumba changu hakijawahi kujaa vile. Walisimama juu ya mabenchi. Espoir alishika padi, kwa sababu mikono ya Lual ilikuwa haifai, na kabla ya kila kitufe watu wote walisema kwa sauti: "Duara ndiyo, msalaba hapana!" Pua ilichukua muda mrefu kuliko mechi yoyote. "Ilikuwa pana." "Pana wapi? Hiyo ni ya kaka yako." "Ongeza. Ongeza! Umepita." Katekista alikumbuka paji la uso, Espoir akasema lishuke, katekista akasema yeye ni kipa, alikuwa akimtazama Makuei uso kwa uso mechi nzima. "Katekista, ulikuwa ukiokota mpira nyavuni, uso gani uliuona?" Mwendesha pikipiki, aliyekaa jirani na Makuei mwenyewe huko kambini, yule wa damu na nyama, alisema kuna kitu kinakosekana: mwanya, meno ya mbele ya chini, na alipocheka ulimi ulionekana hapo. Wote wakamtazama Espoir, Espoir akapitia mistari yote juu hadi chini. "Mashine haina meno," alisema. Wakajadili urefu. Kila mtu alikumbuka tofauti, nami peke yangu nilijua namba ya mwisho, nikaitaja.

Walipomaliza waligeuka kumtazama Lual aliyekuwa benchi la mwisho. Alisimama, akaja karibu na kioo, akarudi nyuma, akaangalia kwa mbali mpaka watu wakaanza kukohoa. "Ndiyo," alisema. "Ni yeye." Wakashangilia hadi Mzee Abdi akaja kuuliza nani amefunga. Mimi nilikuwa karibu na Lual kuliko wote, na sikuweza kujua, sijui hata leo, kama alisema vile kwa sababu alimwona kaka yake, au kwa sababu aliona watu ishirini wamesimama juu ya mabenchi. Siku iliyofuata wote walikuwa wamerudi kwa Espoir.

Jina la Lual lilitokea kwenye orodha ya wakimbizi wa kupelekwa Kanada mwanzoni mwa mwaka mwingine. Alikuja kuaga amevaa koti zito la baridi walilompa, Kakuma saa sita mchana, akitokwa na jasho kwa fahari. Alisema nimtunzie Makuei. Nikasema kutunza kunalipiwa. Akasema atanilipa akifika. Tuliandikiana, halafu akaoa, halafu tukasalimiana sikukuu, halafu hata hilo likawa kazi. Nilifunga ukumbi mwezi uleule aliosafiri. Televisheni ilikwisha kufa. Mashine na kadi nilirudi navyo Lodwar, nikavifunga kwenye kitenge, na sikuwahi kuviuza ingawa mara mbili nilipata bei nzuri.

Sasa mkewe. Anaitwa Adut, amekulia Kakuma, Kiswahili chake ni cha huko kabisa. Baada ya kuniambia ya msiba akasema, "Dada Nakiru, kuna kitu moja nataka kuomba. Alikuwa anasema picha ya Makuei iko na wewe Kenya. Watoto hawajaona baba mkubwa hata siku moja. Tunataka kuweka picha yake na ya baba yao pamoja kanisani, siku ya maombi. Utatuma na simu?" Nikasema nitatafuta. Sikuuliza alimwambia ni picha ya namna gani. Wala hakusema kama Makuei aliwahi kupatikana, na kwa namna alivyotaja neno kanisani nilielewa kwamba hakupatikana.

Jana nilifunga duka mchana, nikaunganisha mashine kwenye televisheni ya mteja iliyokuja kutengenezwa. Nilidhani haitawaka. Iliwaka. Timu ya Laga ilikuwepo yote, katekista, mchoma nyama, na kwenye timu yake mwenyewe Mzee Abdi, sasa marehemu, akiwa na lile tumbo lililopunguzwa. Nikashuka kwa namba sita. Alisimama pale akipumua, kama wanavyopumua wachezaji wa Mjapani hata wakiwa hawana la kufanya. Nilimpiga picha kwa simu. Nilimpiga nyingine. Kisha nikampigia Espoir, ambaye bado yuko Kakuma, ananyoa nywele tena, maana gemu la Mzungu nalo limehamia ndani ya simu za watu na ukumbi wake umekufa kama wangu.

Nilimweleza yote. "Lual," alisema. "Mutu murefu vile. Pole, Dada." Halafu, kwa sauti ya chini, "Na ile pua, iko sawa?"

"Espoir, ndiyo maana nimekupigia," nikamwambia. "Mimi najua kuuza vitu, hiki sijui ni kitu gani. Wewe ndiye uliyeshika padi. Wanataka kumweka kanisani, watoto wamwangalie waseme huyu ni baba mkubwa, na huyu ni ubishi wetu, wewe na katekista na mchoma nyama. Lual alisema ni yeye, lakini ulimsikia alivyosema. Nikimtumia Adut, nimemdanganya. Nisipomtumia, hao watoto hawana uso wowote. Niambie, ndugu yangu, wewe ungefanyaje?"